Kikundi chetu kinataka kuona mimea na maua ya asili kiangazi hiki: twende wapi, na saa ngapi?

Jirani wa Mwanakwerekwe anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Sisi ni kikundi cha watu ishirini na wawili, wengi wetu akina mama wa mtaa mmoja ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka na kukopeshana, na kila mwaka skuli zinapofungwa kwa kiangazi hutoa fungu katika mfuko wetu kwa ajili ya matembezi ya siku moja pamoja na watoto. Desturi yetu ilikuwa kwenda pwani, kupika pilau na kurudi magharibi. Mwaka juzi binti wa mwenzetu, ambaye anasomea mambo ya mimea, alitutaka tumtajie maua matano ya asili ya visiwa hivi. Tukaanza kwa kujiamini: asumini, waridi, mlangilangi. Akatwambia kuwa asumini na mlangilangi asili yake ni Asia, na mawaridi ya bustanini nayo ni ya kuletwa. Tukabaki tunatazamana.

Kwa fedheha hiyo tuliazimia kwamba matembezi yatakayofuata yatakuwa ya kutazama mimea ya asili, na tulimwendea mtu mmoja anayetembeza wageni, ambaye sina haja ya kumtaja, tukamweleza tunachokitaka. Alikubali kwa furaha, akatupeleka kwenye shamba la viungo. Tulinusishwa majani ya mdalasini, tukapasuliwa kungumanga, watoto wakafumiwa kofia za makuti, na kila mmoja alifurahi isipokuwa binti yule, ambaye njiani wakati wa kurudi alituhesabia kwa vidole: karafuu imetoka visiwa vya Maluku, mdalasini Sri Lanka, hiliki Bara Hindi, vanila Meksiko. Tulilipa pesa kwenda kuona mimea ya asili, na tulioonyeshwa wote ni wageni.

Mwaka huu tulijaribu wenyewe. Ilikuwa mwezi wa Februari, tukakodi gari mpaka kwenye kichaka cha maweni upande wa mashariki, tukafika saa saba mchana kwa sababu pilau ilichelewa. Tulichokiona ni mawe, miiba na majani makavu, na mzee mmoja katika kikundi nusura azimie kwa jua. Sasa wako wenzetu wanaosema kwamba visiwa vyetu havina maua ya asili ya kutazama, kwamba mambo hayo ni ya nchi za baridi ambako watu huenda mlimani wakakuta mbuga nzima imechanua.

Naomba kwa wenye ujuzi wanifahamishe ni wapi kikundi kama chetu kinaweza kwenda, mwezi gani unafaa, na kama safari ya Pemba ina thamani ya nauli yake. Fedha zetu zinatosha safari moja tu, na nikikosea mara ya tatu tutarudi kwenye pilau ya pwani moja kwa moja.


Maalim Mstaafu, Makunduchi, anajibu:

Waalaykum salaam Bi Jirani, na pole kwa jua la Februari.

Nimefundisha elimu ya viumbe kwa muda mrefu na nimetembeza wanafunzi wengi katika maweni hayo hayo unayoyalalamikia, kwa hiyo niruhusu nianze na ile saa saba. Maua mengi ya asili ya visiwa hivi huchanua usiku au alfajiri, na mengine hayafiki adhuhuri. Mtu anayefika na pilau yake mchana anakuta karamu imekwisha, meza imefutwa na wenyeji wamelala.

Chukua mbuyu, ambao kila mmoja wenu anaufahamu kwa ubuyu wa kuramba. Ni wangapi katika ishirini na wawili nyinyi waliowahi kuliona ua lake? Hufunguka jua linapozama. Ni jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kichwa chini kwa kikonyo kirefu, na wanaolitembelea ni popo, ambao hufuata utamu wake gizani na kuondoka na unga wa ua usoni. Kesho yake linageuka rangi ya karatasi iliyolowa chai, na baada ya muda si mrefu linaanguka. Ukipita asubuhi chini ya mbuyu mwanzoni mwa vuli, unapoanza kutoa majani mapya, utayakuta maua chini, na ukiliokota moja utashangaa uzito wake na harufu yake, ambayo kwa kweli si nzuri. Mimi hupenda kuwaanzisha watoto hapo, kwa sababu baada ya kulishika ua hilo hawaulizi tena kwa nini tunaamka mapema.

Kuhusu mwezi, kiangazi chetu si kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Vuli inaponyesha vizuri kati ya Oktoba na Disemba, wiki za mwanzo za Januari kichaka bado kina unyevu chini na mitambaazi ingali na maua, ijapokuwa kaskazi imeshaanza kuvuma na jua ni kali. Ikifika katikati ya Februari ardhi ya maweni, ambayo udongo wake hauzidi vumbi lililojaa katika nyufa za mawe, haina tena maji ya kutoa, na mimea mingi inajilinda kwa kuacha majani. Kwa hiyo kama skuli zinafungwa Disemba, nendeni mara baada ya mvua kukatika, msingoje. Wakati mwingine mzuri, ambao watu wengi hawaufikirii, ni Juni, masika yakishamalizika na kipupwe kikianza.

Mahali pa kwanza pa kusimama ni ufukweni, na hapahitaji kiingilio. Tafuteni mlakasa, ule mmea unaotambaa juu ya mchanga wenye majani yaliyogawika mfano wa kwato za mbuzi. Asubuhi maua yake ya zambarau yanakuwa wazi kama pembe za gramafoni za zamani, alasiri yamekunjana. Bila ya mlakasa mchanga mwingi wa pwani zetu ungekuwa umeshachukuliwa na upepo wa kusi. Nyuma yake, mahali ambapo hoteli hazijafyeka, utaukuta mkadi wenye mizizi inayoshuka kama magongo ya kujiegemeza. Mkadi wa pwani yetu kwa jina la kisayansi ni Pandanus kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa Zanzibar katika karne ya 19, mtu ambaye inaonekana alikuwa akipenda zaidi kukusanya majani kuliko kuandika barua za kibalozi. Hata kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, amebeba jina lake.

Pili, ingieni katika kichaka cha maweni kabla ya saa tatu. Msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe unafaa kwa kikundi, una njia zilizosafishwa na mapango ya mawe ambayo watoto watayapenda. Humo mtakutana na mdaa, mtauona mbungo ukipanda juu ya miti mingine. Kila mtu amekunywa maji ya bungo, lakini ua lake, jeupe lenye koo la manjano na harufu inayokaribia asumini, halijulikani hata na wanaoliuza tunda. Binamu yake ni mtoria, ambao zamani watu wa pwani waliugema utomvu ukauzwa nje kama mpira wa porini kupitia bandari yetu.

Mkibahatika, katika vichaka vinavyopata jua mtauona mmea mwembamba unaojishika kwa ncha za majani yake. Kila jani linamalizikia kwa kikono kilichojiviringa kama mkia wa kinyonga. Ua lake linaanza kijani, linakuwa manjano, kisha jekundu, na petali zake zimegeukia nyuma na kusimama wima mithili ya ndimi za moto, huku nyuzi zake zikitanda pembeni. Wataalamu wanauita Gloriosa superba, na Zimbabwe wameufanya ua la taifa lao. Uangalieni sana wala msiuchume, kwa sababu mmea wote ni sumu, na kiazi chake kilicho ardhini ndicho kibaya kuliko vyote.

Sharti langu la mwisho, na hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu: msitembee. Namaanisha, tembeeni kidogo sana. Watu ishirini na wawili wanaopita kwa mstari hawaoni kitu. Wa kwanza anaona, wa tano anaona mgongo wa wa nne, na wa ishirini anaona simu yake. Chagueni mahali patatu, mkae kila mahali kwa nusu saa, mgawane vikundi vya watu watano watano, na kila kikundi kirudi na jambo moja ambalo wengine hawakuliona.


Mkaazi wa Konde, Pemba, anajibu:

Namshukuru Maalim, lakini Bi Jirani ameuliza kuhusu Pemba na Maalim, kama ilivyo ada ya watu wa Unguja, ameuruka mkondo bila ya kutazama chini.

Dada yangu, kama lengo lenu ni kuona mmea ambao kwa asili hauoti mahali pengine popote duniani, basi hamna budi kuja kwetu. Katika msitu wa Ngezi, ambao uko kilomita chache kutoka hapa ninapoandika, kuna mpapindi. Ni mti wa jamii ya mnazi na mpopoo, wenye mashina membamba yaliyosimama pamoja, una pete za makovu ya makuti yaliyoanguka na matunda mekundu yanayoning'inia kwa vishada. Wataalamu waliuandika rasmi mwaka 1962 na katika jina lake, Chrysalidocarpus pembanus, wameliacha jina la kisiwa chetu. Ndugu zake karibu wote wako Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija na visiwa vya jirani. Huu peke yake ndio uliobaki Pemba, na Unguja hamnao. Mara ya kwanza nilipompeleka mgeni kuuona, mzee mmoja wa Makangale alituuliza tunatazama nini, tukamwonyesha, akasema, «Huo? Huo mbona upo tangu zamani.» Nilimwambia kuwa hilo ndilo jambo lenyewe.

Ngezi ina ukubwa wa kiasi cha hekta 1,440, na uzuri wake ni kwamba ndani ya eneo hilo dogo mtu anapita katika misitu ya namna kadhaa. Sehemu yenye udongo mzito ina miti mirefu ya mvule ambayo watu wanne hawaizungushii mikono. Hapo kivuli ni kizito na maua ni machache, kwa hiyo tazameni juu, kwenye matawi, au chini, kwenye yaliyodondoka. Mbele kidogo ardhi inageuka mchanga mweupe wenye unyevu, msitu unafunguka ghafla, na unajikuta umesimama katikati ya vichaka vyenye majani membamba mno, madogo kama punje za mchele uliovunjika, na maua ambayo bila ya kuyasogeza karibu na jicho huwezi kuyatambua. Mmea huu ni wa jamii ya Erica, ambayo kwa Afrika Mashariki watu wamezoea kuikuta kwenye milima mirefu kama Kilimanjaro, juu kabisa kunakoganda baridi. Kwetu uko karibu sawa na usawa wa bahari. Mimi si mtaalamu, lakini kila nikifika pale huhisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha uani akakuta mlima.

Kuhusu maua ya usiku nakubaliana na Maalim, na namwongezea mtomondo. Huu hupenda kuota kando ya maji, na kwetu uko pembezoni mwa mito na mabonde ya mpunga. Maua yake yamepangwa kwenye uzi mrefu unaoning'inia kama shada la bibi harusi, yanafunguka usiku, na asubuhi maji yaliyo chini yamefunikwa na nyuzi nyeupe na za waridi. Njooni kabla ya wakulima kuingia bondeni. Watoto wa kwetu huyatunga mashada.

Sitawaficha ubaya wa safari. Boti inafikia Mkoani, kusini, na Ngezi iko kaskazini kabisa, kwa hiyo mna safari ya kukivuka kisiwa kizima kupitia Chake Chake hadi Konde, na haiwezekani kwa siku moja. Mtalala siku moja, na kwa watu ishirini na wawili gharama si ndogo. Isitoshe, ndani ya msitu mtaona miti mingi ya musizi ambayo ililetwa kutoka bara na sasa inajieneza kwa kasi. Muulizeni mwongozaji wenu aitofautishe, kwa sababu mirefu na imenyooka na mgeni anaweza kudhani ndiyo msitu wenyewe. Mkimaliza, pwani ya Vumawimbi iko hapo hapo nyuma ya msitu, na mlakasa wa kule haujakanyagwa na mtu.


Jirani wa Mwanakwerekwe:

Nawashukuru nyote wawili, na nimewasomea wenzangu majibu haya kwa sauti katika kikao chetu cha juzi. Kuhusu Pemba mioyo imetaka lakini mfuko umekataa. Tumekubaliana tuanze kuweka akiba ya safari hiyo kwa mwaka unaofuata. Kwa kiangazi hiki tutabaki Unguja.

Limezuka swali jengine. Tuna bibi wawili ambao hawawezi kutembea katika mawe ya maweni, na tuna watoto wa miaka sita na saba ambao, kusema kweli, wanataka kuona kima. Wako waliopendekeza Jozani. Je, Jozani ni mahali pa kuona mimea, au tutapoteza siku nzima tukiwapiga picha wanyama?


Binti wa Pete anajibu:

Shikamoo Bi Jirani, na shikamooni bibi wote wawili kwa niaba yangu.

Nimezaliwa Pete, jirani na hifadhi, na naongoza wageni katika njia ya mikoko, kwa hiyo nitakujibu kwa lile ninalolifanya kila siku. Mkianza na kima punju, mmekwisha. Hakuna mtoto, wala mtu mzima, atakayegeuza shingo kutazama jani baada ya hapo. Anzeni na mimea, kima wawe zawadi ya mwisho. Hawaendi popote, wako karibu na barabara mchana kutwa.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina kiasi cha kilomita za mraba 50, lakini kikundi chenu kinahitaji vipande viwili tu. Cha kwanza ni msitu wa maji, ule ambao maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na juu na wakati wa masika njia zenyewe huzama. Januari ni pakavu na pamesawazika, bibi watapita bila ya taabu, na kivuli chake kinapoza kama chumba cha mawe. Miti inayotawala humo ni mitondoo. Maua yake ni meupe yenye nyuzi za manjano katikati, yana harufu nzuri, na yako juu, kwa hiyo fuateni ushauri wa ndugu yetu wa Konde muyatafute yaliyoanguka. Bibi zenu huenda wakayakumbuka mafuta yake, ambayo zamani yaliwashiwa taa.

Kipande cha pili ni mikoko ya Pete, ambako kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, ya kutosha hata kwa mtu anayetembea na mkongojo. Hapa msiangalie saa ya ukutani, angalieni mwezi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yetu hukupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hapo ndipo mizizi inapoonekana yote: ya mkoko iliyopinda kama mbavu za jahazi linaloundwa, na ya mchu iliyochomoza katika tope kwa maelfu kama penseli zilizochongwa. Mkija siku za maji mafu, wakati huo huo wa asubuhi maji yatakuwa yamejaa. Ni pazuri, lakini mtaona majani yanayoelea tu.

Jambo moja ambalo huwafanyisha watoto kila mara: tafuta jani la mchu, ligeuze uone upande wa chini ulivyo wa kijivu, halafu ligusishe ulimi bila ya kulikata. Ni chumvi. Mti huo hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kupitia majani, na siku ya jua chembe zake huonekana kwa macho. Mtoto mmoja kutoka mjini aliniuliza kama mama yake angeweza kuutumia kwenye mchuzi. Maua ya mchu ni madogo ya manjano na hayana makuu, lakini nyuki wanayapenda mno. Ukitaka ua la kutazama katika mikoko, tafuta msinzi, ambao wengine huuita muia: una ua jekundu lililoinama kama taa, na kikombe chake chekundu hubaki hata petali zikishapukutika. Kwenye mkoko wenyewe mtaona vitu virefu vya kijani vinavyoning'inia, na watu wengi hudhani ni maharage. Hiyo ni miche. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikishakuwa tayari hudondoka, ikajichoma katika tope au ikachukuliwa na maji kutafuta kwao.

Na mkandaa, bibi zangu wataujua bila ya kuonyeshwa. Gome lake hutoa rangi nyekundu ya kahawia, na ndiyo maana chai isiyotiwa maziwa tukaiita chai ya mkandaa.

Kiingilio kinalipwa mlangoni na wakaazi wa Zanzibar hawatozwi sawa na wageni wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima achukue kitambulisho. Ndani ya hifadhi hakuna kuchuma hata jani moja. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni, lakini kwa idadi yenu ni afadhali mkodi gari, mkaondoka baada ya sala ya alfajiri.


Muuza Asumini, Darajani, anajibu:

Nimesoma yote haya nikiwa nimekaa na sinia langu mapajani, na nimesikitika kidogo kwamba mmezungumza maua ya asili kutoka Makunduchi mpaka Ngezi na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka kilua.

Bi Jirani, siku ile binti alipowauliza, mlikuwa na jibu moja sahihi na hamkulitoa. Katika kikuba mnachojifunga, kile kishada cha maua ya kunukia, asumini ni mgeni, waridi ni mgeni, mlangilangi ni mgeni, lakini kilua ni wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Najua hivyo kwa sababu mama yangu alikuwa akiuchuma, na mama yake kabla yake. Ua lenyewe si la kutazamwa sana: lina petali nene, manjano, linaning'inia chini ya jani kama linaloona haya. Harufu yake ndiyo iliyowafanya watu walitie katika kanga sandukuni. Siku hizi wateja wasiouliza bei ni wachache na wanaouliza kilua ni wachache zaidi. Vijana wanataka waridi la plastiki lenye kumetameta.


Maalim Mstaafu, Makunduchi:

Dada Muuza Asumini amenitia aibu ya haki, na nakiri. Naongeza jambo ambalo huenda litamfurahisha. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Verdcourt alipouchunguza mti huo aliona kwamba haufanani vya kutosha na jamaa zake, mstafeli na mtopetope wakiwamo katika ukoo huo, akaufanyia jenasi yake peke yake. Jina alilolichagua alilichukua kwetu: Mkilua. Kwa hiyo mtaalamu wa Brazili au wa Japani akiandika habari zake leo, analazimika kuandika Mkilua fragrans, kwa jina lile lile alilolitumia mama yako.

Bi Jirani, nilisahau tahadhari moja, na kwa kuwa mna watoto ni muhimu. Kiangazi ndicho kipindi ambacho makaka ya upupu yanakauka kwenye vichaka vya pembezoni mwa njia. Maua yake ya zambarau iliyokoza, yaliyoning'inia kwa vishada, ni mazuri kwelikweli na mtoto atayakimbilia, lakini makaka yake ya mwaka uliopita huenda yangali hapo hapo, na upepo wa kaskazi ukiyagusa manyoya yake yanaruka. Wavae mikono mirefu. Mmoja wenu atangulie mbele, mwenye macho mazuri na anayeujua upupu kwa sura. Nadhani kila aliyekulia shamba anaujua, na anakumbuka aliujuaje.


Jirani wa Mwanakwerekwe:

Tumekata shauri. Tutakwenda Jumapili ya Januari itakayoangukia bamvua, tutaondoka baada ya alfajiri, tutapitia ufukweni kwa ajili ya mlakasa, saa nne tutakuwa kwenye mikoko ya Pete, adhuhuri tutaswali na kupumzika katika kivuli cha mitondoo, na kima watakuwa wa mwisho hata wakilia watoto. Pilau itapikwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na kama haijaiva tutaiacha jikoni.

Bibi mmoja ana ombi kwa dada wa Darajani. Anasema mara ya mwisho alinusa kilua siku ya harusi yake, na anauliza kama kuna mahali anapoweza kuuona mti wenyewe.


Muuza Asumini, Darajani:

Mwambie uko uani kwangu, nyuma ya kisima, na hauna kiingilio. Mkirudi kutoka Jozani mteremke Mwera, muulize nyumba ya muuza maua. Kila mtoto wa pale ataionyesha. Lakini mje kabla ya magharibi, kwa sababu nikishachuma ya kuuzia usiku mtakuta majani matupu.